Miaka miwili ya kulipia njia: kisa cha fundi aliyekwenda kufanya kazi ugenini

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa afisa mikopo wa ushirika wa akiba na mikopo familia hii ilipokuja ofisini kwetu mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyegonga muhuri wa "yamekataliwa" kwenye fomu yao ya maombi. Nakieleza kisa chao kwa ruhusa yao. Majina, nchi zote mbili na alama nyingine zinazoweza kumtambulisha mtu nimeziondoa.

Kwa sababu hiyohiyo sikutaja sarafu. Fedha zote nimezipima kwa wastani wa kipato cha mwezi mmoja cha fundi mwenyewe kabla hajaondoka. Nikisema vipimo 3, ni kiasi ambacho angekipata nyumbani kwa miezi mitatu. Nilianza kutumia hesabu hii ili kuficha sarafu tu, lakini baadaye niliona inaonyesha jambo ambalo noti hazionyeshi: kila gharama ya safari ni miezi ya kazi ya mtu.

Walikuwa akina nani

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke, binti wa miaka 6 na mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Mama yake mjane aliishi nao. Kaka yake mkubwa alilima shamba la familia. Mashine ya kuchomelea ilikuwa yake mwenyewe, na katika eneo lile hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi ile kama yeye. Jembe la kukokotwa likivunjika, lilipelekwa kwake. Mlango wa chuma, tanki lililotoboka, fremu ya baiskeli, vyote vilikuwa kwake.

Hawakuwa maskini kuliko majirani zao. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani anayekwenda mbali kutafuta kazi ni yule asiye na kitu. Asiye na kitu hafiki mbali, kwa kuwa safari inahitaji cha kuuza au cha kuweka rehani. Shida ya familia hii ilikuwa kuyumba kwa kipato. Msimu wa mavuno watu walikuwa na fedha, na fundi alipata vipimo 2 kwa mwezi. Miezi ya kati ya msimu mmoja na mwingine alipata sehemu ndogo tu, wakati mwingine robo ya kipimo. Mwaka uliotangulia baba yao aliugua, akatibiwa kwa muda mrefu, akafariki. Akiba ilikwisha, na ada ya shule ikabaki deni.

Nilipomuuliza kwa nini anataka kuondoka, hakutaja utajiri. Alisema, "Kazi ninayo. Ninachokosa ni kujua mwezi ujao kutaingia nini." Mwaka 1985 wachumi Oded Stark na David Bloom walieleza jambo hilohilo kwa lugha yao. Walisema uamuzi wa kuhama mara nyingi haufanywi na mtu mmoja anayelinganisha mishahara miwili. Hufanywa na kaya nzima inayotaka kugawa hatari: mmoja abaki shambani, mwingine akafanye kazi mahali ambapo ukame wa nyumbani haumgusi. Pale ambapo hakuna bima ya mazao wala mkopo wa bei nafuu, mtoto aliye ugenini ndiye bima.

Kulikuwa na sababu nyingine mbili. Tofauti ya mshahara ilikuwa kubwa kweli: dalali wa kazi alitaja vipimo 4 kwa mwezi. Na shemeji yake alikuwa amekwenda nchi ileile miaka mitatu nyuma, akajenga. Nyumba ya shemeji ilionekana na kila mtu. Madeni aliyokuwa nayo shemeji yule mwaka wake wa kwanza hakuna aliyewahi kuyaona.

Kabla ya safari

Gharama ya kuondoka ilifika vipimo 15. Dalali alichukua 9. Tiketi ya ndege ilikuwa 3. Pasipoti, vipimo vya afya na vyeti vilichukua 2, na kipimo 1 kilikwenda kwenye nauli na malazi ya kufuatilia makaratasi.

Familia ilikuja kwetu kuomba 10. Kanuni zetu zilitaka ushahidi wa kipato cha kawaida kwa miezi sita. Kazi ya ugenini ilikuwa haijaanza, na kipato cha nyumbani kilikuwa kile kinachopanda na kushuka. Nilikataa. Kwa kanuni nilikuwa sahihi. Sikuuliza watakwenda wapi wakitoka kwangu, na nilipaswa kuuliza.

Walikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Aliwapa 10 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Mama alitoa akiba yake ya kikundi, vipimo 2. Vilivyobaki 3 fundi alivipata kwa kuuza mashine yake ya kuchomelea.

Dalali alisema viza itatoka ndani ya wiki tatu. Ilitoka baada ya miezi minne. Kwa muda wote huo riba ilihesabiwa, na fundi hakuwa na mashine. Alikodishwa siku mojamoja kwenye karakana za watu, akiwa kibarua wa ufundi wake mwenyewe. Siku anapanda ndege deni lilikuwa vipimo 12, na alikuwa hajafanya kazi hata saa moja.

Kuwasili

Mkataba aliousaini nyumbani ulisema: fundi wa kuchomelea, vipimo 4. Siku ya pili baada ya kufika aliwekewa mezani mkataba wa pili, kwa lugha asiyoisoma. Mwenzake wa chumbani aliyeijua kidogo alimwonyesha maneno mawili kwa kidole: "kibarua wa jumla". Mshahara ulikuwa vipimo 3. Mshahara wa miezi miwili ya kwanza ungezuiliwa kama dhamana. Pasipoti ilikuwa tayari mikononi mwa msimamizi.

Alisaini. Nimeusikia ujumbe wa sauti aliomtumia mkewe usiku ule, dakika moja na nusu hivi. Sehemu kubwa ni kimya, na feni inasikika nyuma yake. Kisha anasema kwamba akikataa atarudishwa, na akirudishwa deni litamngoja uwanja wa ndege. Anamwomba mke asimwambie mama.

Mwezi wa tatu hadi wa nane

Mshahara wa kwanza ulikuja mwisho wa mwezi wa tatu. Katika vipimo 3, kimoja kilibaki kwa matumizi yake na viwili vilitumwa nyumbani. Mke alivigawa sawa: kimoja kwa mkopeshaji, kimoja kwa chakula, dawa na shule.

Mke aliandika kila kitu kwenye daftari la shule la binti yao, kuanzia ukurasa wa nyuma. Safu ya kwanza aliiita "Bwana Riba". Deni lilipoanza kulipwa lilikuwa 13.5. Baada ya malipo ya kwanza lilibaki 12.5, kisha 12, kisha 11.5. Kila mwezi alitoa kipimo kizima, na kila mwezi nusu yake ilimezwa na riba mpya. Mwisho wa mwezi wa nane alikuwa amelipa vipimo 6, na deni lilikuwa 10, kiasi kilekile walichokopa.

Huko ugenini, fundi alikuwa akiwabebea nondo wachomeleaji wengine. Aliniambia baadaye kwamba uchungu wake mkubwa haukuwa uzito wa nondo. Ulikuwa kusimama pembeni na kuona mishono ambayo yeye asingeipitisha, na asiweze kusema neno. Eneo la ujenzi la jirani lilikuwa linatafuta wachomeleaji kwa vipimo 5. Alikwenda siku yake ya mapumziko, akajaribiwa, akafaulu. Lakini viza yake ilimfunga kwa mwajiri mmoja, na mwajiri hakutoa ruhusa ya kuhama.

Kikao cha simu

Mwezi wa nane mama alianza kuuliza. Kwa hesabu yake mtoto alipata 4, kwa hiyo kila mwezi kulikuwa na kitu kinachopotea njiani. Alimtuhumu mkamwana. Nyumba ikaingia baridi.

Hapo mke alikataa kuendelea kuficha. Aliita kikao: mama, kaka mkubwa, yeye mwenyewe, na simu katikati ya meza ikiwa kwenye spika. Fundi alisema yote, mkataba wa pili, mshahara uliozuiliwa na ile 10 isiyopungua. Mke alifungua daftari. Kaka mkubwa, ambaye mpaka siku ile alilihesabu deni kuwa la mdogo wake, alisoma safu ya Bwana Riba kutoka juu mpaka chini, akasema atauza mazao yake na kutoa vipimo 2. Aliweka sharti moja: kuanzia siku ile aambiwe kiasi halisi kinachoingia kila mwezi.

Wiki iliyofuata mke alikuja ofisini kwangu na stakabadhi kumi na mbili za fedha zilizotumwa, mbili kwa kila mwezi, zimebanwa kwa pini. Zilikuwa ndizo zile miezi sita za kipato cha kawaida ambazo kanuni ilizitaka. Tulimpa 8 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Akajumlisha na 2 za kaka mkubwa, akamlipa mkopeshaji siku ileile. Mkopo wa 10 ulikuwa umewagharimu 16 ndani ya mwaka mmoja.

Waliendelea kulipa kipimo kilekile kimoja kwa mwezi, sasa kwetu. Mkopo wetu ulikwisha mwezi wa 17. Kwa mkopeshaji, kwa malipo yaleyale, wangemaliza mwezi wa 23 wa mkataba wa miezi 24.

Fundi naye alibadili kitu upande wake. Alikuwa akituma fedha mara mbili kwa mwezi kwa njia ambayo ada zake zilifika asilimia 8, na ada hiyo alikuwa akiikata kwenye matumizi yake. Kwa mwaka ni karibu vipimo 2, kama akiba yote ya mama. Alihamia kwenye huduma ya simu, akatuma mara moja kwa mwezi, na ada ikashuka chini ya nusu.

Mwezi wa 24

Tangu mwezi wa 18 vipimo vyote viwili vilibaki nyumbani. Kimoja kiliendesha kaya. Kingine, kwa miezi saba, kilirudisha 2 za kaka, 2 za mama, na 3 zikabadilisha paa la nyumba.

Mkataba ulipokwisha, mwajiri alitaka aongeze mwaka mmoja kwa mshahara uleule. Fundi alitaka kurudi. Mtoto wake wa kiume alikuwa hamjui kwa sura ila kwa kioo cha simu. Walijadiliana wiki nzima na mwisho akaongeza, kwa masharti mawili. Mwajiri alipe mshahara uliozuiliwa kabla hajasaini, na nyumbani kifunguliwe kitabu cha akiba kwa jina lake, kipimo kimoja kila mwezi kiingie humo na kisiguswe.

Mwajiri alilipa mwezi mmoja kati ya miwili, vipimo 3, na vyote vikaingia kwenye kitabu kipya. Mwezi wa pili haujalipwa mpaka leo, ingawa barua mbili zilitumwa.

Matokeo

Alirudi baada ya miezi 36 akiwa na vipimo 15 kwenye kitabu. Mashine mpya ya kuchomelea, ya ukubwa uleule wa ile aliyoiuza kwa 3, ilimgharimu 5. Alikodi nafasi ya karakana, akanunua jenereta ndogo, akabakiza kiasi cha kuanzia. Mwaka mmoja baadaye karakana ilikuwa inampa wastani wa kipimo 1 na nusu kwa mwezi. Anamlipa kijana mmoja anayejifunza kazi.

Binti anasoma na hana deni la ada. Mtoto wa kiume alichukua muda mrefu kabla ya kukubali kulala chumba kimoja na baba yake. Mama anamwomba mkamwana msamaha mara kwa mara, na mkamwana anasema amesamehe. Mimi nawaona wote wawili kila mwisho wa mwezi na sina neno la kuongeza hapo.

Uchambuzi: nani alikula faida

Hesabu ya miaka miwili ya kwanza ni hii. Nyumbani zilifika 44, na 3 zililipwa mwishoni, jumla 47. Gharama ya kuondoka ilikuwa 15, riba ya mkopeshaji 6, na ya kwetu karibu 0.4. Ukitoa, kaya ilibaki na takriban 25.6. Sasa chukua miezi 28, yaani ile minne ya kungoja na 24 ya kazi, na mwache fundi nyumbani na mashine yake. Angepata 28. Robo ya kila kipimo ingekwenda kwenye chakula na mavazi yake mwenyewe, kwa hiyo kaya ingebaki na 21. Tofauti haifiki 5, kwa miezi 28 ya kuishi mbali na watoto.

Mwaka wa tatu peke yake ulileta 24. Mwajiri yuleyule, mshahara uleule, nondo zilezile. Kilichokosekana mwaka ule ni dalali na Bwana Riba.

Kutokana na hesabu hiyo nimeacha kukubaliana na wanaosema kwamba wahamiaji hurefusha kukaa ugenini kwa sababu wamenogewa. Wengi wanarefusha kwa sababu mkataba wa kwanza hulipia njia, na faida huanza kuonekana wa pili. Katika malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa kuna kiashiria, namba 10.7.1, kinachopima jambo hili hasa: gharama ya kuajiriwa aliyobeba mfanyakazi ikilinganishwa na mshahara wake wa mwezi katika nchi ya kazi. Kwa mshahara alioahidiwa fundi, 15 ilikuwa chini ya miezi minne. Kwa mshahara alioukuta ilikuwa miezi mitano. Ukiongeza riba, ni zaidi ya miezi saba.

Hakuna sheria ya maumbile inayosema gharama hii ibebwe na mfanyakazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi wa ajira hatamtoza mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa unaacha mlango wa kuruhusu vighairi. Kama mwajiri angelipa wakala na tiketi, fundi angehitaji vipimo 3. Angevipata kwa mama na kwa kaka, na mashine ingebaki karakanani.

Uchambuzi: deni na kamba ya viza

Kila kimoja peke yake kingevumilika. Mwenye deni lakini huru kuhama angekwenda kwa jirani kuchomelea kwa vipimo 5. Aliyefungwa kwa mwajiri lakini bila deni angekataa mkataba wa pili na kupanda ndege ya kurudi. Vilipokutana, fundi alikosa hata nguvu ya kuuliza swali. Katika nchi za Ghuba utaratibu wa kumfunga mfanyakazi kwa mdhamini unajulikana kwa jina la kafala. Mwaka 2020 Qatar ilifuta sharti la ruhusa ya mwajiri kwa anayetaka kubadili kazi. Viza za mwajiri mmoja, hata hivyo, zipo pia katika nchi tajiri ambazo hazitumii jina hilo.

Mshahara uliozuiliwa nao si jambo jipya. Katika mpango wa Bracero, uliopeleka vibarua wa Mexico kwenye mashamba na reli za Marekani kati ya mwaka 1942 na 1964, miaka ya mwanzo asilimia 10 ya mshahara ilikatwa ili mtu aikute akirudi kwao. Wengi hawakuikuta. Familia zao zilikuwa bado zinaidai miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia dhamana ni utaratibu wa kawaida tu, namjibu kwamba ukawaida wake ndio unaonitisha.

Uchambuzi: kilichotokea nyumbani

Kwa mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria wahamiaji walio katika nguvukazi kuwa milioni 167.7, karibu asilimia 4.7 ya nguvukazi yote ya dunia. Benki ya Dunia nayo ilikadiria kwamba mwaka 2023 fedha zilizotumwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati zilifika dola bilioni 656, zaidi ya uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje. Takwimu hizi husomwa kwa furaha, na sehemu ya furaha ni ya haki. Mwezi wa 13 mama aliugua na mvua zikachelewa kwa pamoja. Miaka miwili nyuma tukio hilo lingewauzia shamba. Safari hii kipimo kilifika tarehe ileile, mama akatibiwa, na hakuna kilichouzwa. Bima ile aliyoitaka fundi ilifanya kazi.

Lakini kuna mambo matatu ambayo takwimu hizo haziyahesabu.

La kwanza ni ufundi. Eneo lilipoteza mchomeleaji wake, na watu wakaanza kubeba majembe yao mwendo mrefu kutafuta mwingine au kuyaacha yamevunjika msimu mzima. Husemwa kwamba upotevu wa ujuzi kwa nchi moja ni faida kwa nyingine. Hapa haikuwa hivyo. Nchi ya nyumbani ilimpoteza mchomeleaji, nchi ya kazi ikapata mbeba nondo, na kwa miaka mitatu ujuzi ule haukuwa wa mtu yeyote duniani.

La pili ni kazi ya waliobaki. Mke aliacha vibarua vya kulima mashamba ya watu, na alistahili. Akabeba kazi nyingine zisizolipwa: kutunza hesabu, kupanga foleni za malipo, kujibu wajomba na mashangazi waliokuja na shida zao tangu paa jipya lilipoonekana. Kaka mkubwa naye anakiri kwamba msimu wa pili alichelewa kupalilia kwa sababu alijua tarehe ya fedha inakuja. Simlaumu. Bima yoyote humlegeza kidogo anayeilipiwa, na sharti lake la kuambiwa hesabu kamili ndilo lililomrudisha shambani, kwa sababu aliona jinsi kiasi kinachoingia kilivyo kidogo.

La tatu ni bei. Familia kadhaa zilikuwa na mtu nje, zote zikawa zinatafuta mashamba yaleyale ya kukodi, na kodi ya shamba ikapanda. Aliyeumia ni yule asiye na mtu ugenini na asiye na cha kuuza ili ampeleke.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Jambo lililoiokoa kaya hii ni kikao cha simu. Kabla ya siku ile deni lilikuwa siri ya watu wawili, na siri hakuna mtu anayesaidia kuilipa. Ilipowekwa mezani ikawa hesabu, na dawa ya deni ni kulipa, mradi wanaolipa wawe zaidi ya mmoja. Kitabu cha akiba kwa jina lake kilifuata palepale. Bila kitabu kile mwaka wa tatu ungekwisha kama wa pili ulivyokwisha, kwa mahitaji ambayo kila moja lilikuwa la kweli.

Kuuza mashine lilikuwa kosa kubwa kuliko lilivyoonekana wakati ule. Karakana moja ilikuwa tayari kuikodi kwa 0.2 kwa mwezi. Tangu siku ilipouzwa mpaka alipokanyaga tena nyumbani ni miezi 40, yaani vipimo 8, wakati mashine mpya ni 5. Hakuna aliyeifanya hesabu hiyo, kwa sababu dalali alitaka fedha zake siku ya Ijumaa.

Na kuna kosa letu. Ushirika ulioundwa ili watu wasiende kwa mkopeshaji uliwasukuma kwa mkopeshaji, kwa kanuni iliyodhani kwamba anayehitaji mkopo tayari ana mshahara. Tumeibadilisha. Sasa kuna mkopo wa safari kwa asilimia 1. Fedha haitoki mpaka viza iwe imegongwa, tiketi tunailipa sisi moja kwa moja, na zana za kazi tunazipokea kama dhamana huku mwenyewe akiruhusiwa kuzikodisha. Hatulipi ada ya dalali. Hilo limetupotezea wateja kadhaa, waliokwenda kulekule walikokwenda wale wa kwanza, na bado tunabishana ndani ya kamati kama tunawalinda au tunarudia kosa langu kwa jina jipya. Mimi nipo upande wa kutoilipa, lakini silali usingizi mzito juu yake.

Mwezi uliopita yule kijana anayejifunza kazi kwenye karakana ya fundi alikuja kuuliza masharti ya mkopo huo. Alikuwa na nakala ya mkataba mmoja. Nilimwomba alete na wa lugha ya huko, ule atakaosainishwa akifika. Alisema dalali amemwambia haupo. Fundi, aliyekuwa amemsindikiza, alichukua ile nakala mezani, akaisoma yote polepole akiwa amesimama, akamrudishia.